Mzinga wa Mbao Kuukuu

Hotuba kwa mafundi seremala na wapigaji wa beni, Unguja

Asalaam aleikum. Wazee wetu mlioketi mbele, mafundi wenzangu, wapigaji wa beni, na vijana mliotoka skuli mkapitia hapa kabla ya kwenda nyumbani: ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya snea, ile ngoma fupi yenye nyuzi za chuma tumboni, na namna ya kuitengeneza kwa mkono kwa mbao za nyumba zilizobomolewa. Nitaanza na jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yenu. Mbao kuwa ya zamani peke yake hakuifanyi ngoma ilie vizuri. Watu hufurahi kuambiwa kwamba mzinga huu, yaani kiwiliwili cha ngoma, ulikuwa mwimo wa mlango wa nyumba ya tajiri wa karafuu, na mimi nayapenda mambo hayo kama mtu mwingine yeyote. Lakini ngozi ikishawambwa, inachokutana nacho ni ukingo wa mzinga. Ukingo ukiwa umelala sawasawa na mzinga ukiwa duara kamili, ngoma italia. Ukiwa na bonde hata la unene wa karatasi, utakaza skrubu mpaka mikono iume na sauti haitakaa. Mbao kuukuu naipenda kwa sababu inausaidia ukingo kubaki vile ulivyouacha.

Tuangalie kwanza ngoma yenyewe inavyofanya kazi. Snea ina ngozi mbili. Ya juu ndiyo inayopigwa, na siku hizi nyingi ni za plastiki, unene wake kama robo ya milimita. Ya chini ni nyembamba zaidi, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Juu ya uso wa nje wa hiyo ya chini zimelazwa nyuzi za chuma zilizopindwa kama springi, kwa kawaida 20. Fimbo ikigonga juu, hewa iliyomo ndani ya mzinga inaisukuma ngozi ya chini, ngozi inazirusha nyuzi, na nyuzi zinarudi kuichapa. Ndipo unapopata ule mlio mkavu, mkali, unaopenya katikati ya tarumbeta sita na bado unasikika mwisho wa mtaa.

Mlio wa kuchakarika hivyo si mgeni katika ardhi yetu. Wagogo wa Dodoma huweka tundu kwenye ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na kuliziba kwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke na mtetemo wake pembeni; marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliwasikilizisha watu wa mabara mengine mtetemo huo. Masikio yetu yanaupenda ukwaruzo kidogo ndani ya sauti. Na ngoma ya nyuzi, kwa upande wake, ina zaidi ya miaka mia pwani hii. Beni ilizaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, watu walipozitazama bendi za tarumbeta za misheni na za askari wakazigeuza kuwa mchezo wao. Mombasa vilishindana vikundi vya Kingi na Skochi. Tanganyika vilishindana vya Marini na Arinoti, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaibeba beni hadi bara pamoja na askari na wapagazi. Hapa Unguja bado tunaitoa kwenye harusi. Jambo linaloniuma ni kwamba katika muda wote huo tumekuwa wapigaji hodari wa ngoma ambayo tunaisubiri ije na meli. Ikipasuka mzinga tunaifunga kwa waya. Ikikatika lagi moja, kile chuma cha ubavuni kinachopokea skrubu, tunaiweka uvunguni. Na huku nje nyumba zinabomolewa, mvule na mninga vinapasuliwa kuni za kupikia.

Wapo waliotutangulia. Australia ya Magharibi, Chris Brady alijenga ngoma kwa jarrah, mti mgumu wa huko kwao, wakati ambapo wengi waliamini kwamba ngoma nzuri lazima iwe ya maple ya Marekani. Huko California, Johnny Craviotto, aliyefariki 2016, alipinda ubao mmoja mzima kuwa duara, na baadhi ya snea zake zilitoka kwenye magogo yaliyozama Ziwa Superior enzi za ukataji mkubwa wa miti, yakaopolewa baada ya miaka mingi katika maji baridi. Wapigaji wakubwa walizitafuta ngoma hizo. Mafundi hao walizijua mbao zao na walikuwa wakali wa vipimo. Mbao tunazo, ndugu zangu. Vipimo ndivyo vya kujifunza.

Sasa nieleze kwa nini utulivu wa mbao ni muhimu kwa ngoma kuliko kwa kabati. Njia ninayoipendekeza kwa karakana zetu ni ya kuunganisha vibao vilivyosimama, kama pipa linavyojengwa. Haihitaji mvuke, haihitaji mashine ya kupinda. Lakini katika mzinga wa namna hii nyuzinyuzi za mti zimesimama wima kutoka ukingo wa chini hadi wa juu. Mti haurefuki wala haufupiki sana kwa urefu wake. Hucheza kwa upana. Na mzingo wote wa ngoma yako ni upana mtupu. Snea ya inchi 14 ina mzinga wa kipenyo cha milimita 352 hivi, kwa sababu lazima uwe mdogo kidogo kuliko ngozi. Mzingo wake ni milimita 1,100 na ushei. Mbao hiyo ikinywea kwa asilimia moja tu, mzingo unapungua milimita 11, na kipenyo kinapungua milimita tatu na nusu. Ikivimba kwa kiasi hicho hicho wakati wa masika, ngozi itakwama kwenye mzinga na hutaweza kuikaza sawa. Asilimia moja tu, wazee wangu.

Kwa hiyo mbao mbichi haifai, hata ikiwa nzuri kwa macho. Mbao iliyokaa miaka 60 au 80 kwenye fremu ya mlango imeshamaliza kupinda, imeshapasuka palipotaka kupasuka, mivutano iliyokuwa ndani yake imeshalegea. Nisiseme imeacha kunywa unyevu, kwa sababu bado inakunywa. Ila inakunywa na kutoa bila vurugu. Na hata hiyo, ukishaichana katikati, moyo wake unakutana na hewa mpya. Ipange kivulini, weka vijiti katikati ili hewa ipite, uiache wiki kadhaa ndani ya karakana ileile utakayoijengea ngoma. Kijana anayeichana asubuhi na kuigundisha jioni anaharibu kazi ambayo mti umeifanya kwa miaka.

Kuhusu aina ya mti, mninga ndiyo chaguo langu la kwanza. Ni miongoni mwa mbao zinazonywea kidogo mno, hauchoshi meno ya msumeno, na uzito wake unakaribia maple. Sauti yake naiona nene, yenye tumbo. Mvule ni mzuri na ndio mwingi kwenye miimo na mihimili ya zamani, lakini tahadharini: ndani yake mara nyingine mna mawe, mkusanyiko wa chokaa ambao mti wenyewe uliutengeneza ukiwa hai, na jiwe moja linatosha kutia pengo kwenye randa. Vumbi lake pia linawasha ngozi na kifua. Mbambakofi ni mzito na mgumu, unatoa mlio mkali unaofaa kabisa beni ya barabarani, ila utakutoa jasho. Msaji unakaa vizuri lakini una mafuta, kwa hiyo uso wa kugundisha ufutwe kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, na upakwe gundi palepale. Boriti za mikoko zilizobeba dari za nyumba zetu ziacheni. Kipenyo chake ni kidogo, na ukiichana unabaki na moyo wa mti katikati ya kila kipande.

Tazameni pia mistari ya mti kwenye kichwa cha mbao. Mistari ikisimama wima kuelekea uso wa ubao, mbao hiyo hucheza karibu nusu ya ile ambayo mistari yake imelala. Katika rundo la mbao kuukuu, kwa kuwa zamani walikata magogo makubwa, mtapata nyingi zilizosimama. Hilo ni jambo ambalo duka la mbao la leo haliwezi kuwapa kirahisi.

Hapa sina budi kusema jambo la adabu. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na nyumba zake zina mamlaka yake. Mlango wa nakshi si malighafi. Fremu yenye nakshi si malighafi, hata ikiwa imelala kifusini na mwenye nyumba anasema chukua. Kitu kinachoweza kurudishwa mahali pake kirudishwe, au kikabidhiwe wanaohusika. Sisi tuchukue kile ambacho hakina tena pa kurudi: mwimo uliooza upande mmoja, ubao wa dari uliovunjika, meza ya duka iliyotupwa, vitanda vya zamani vilivyobaki miguu. Ulizeni, lipeni, ombeni risiti. Ngoma iliyotokana na nyumba iliyoporwa mimi sitaiweka kwenye harusi.

Mbao ikishafika karakanani, usiiguse kwa msumeno siku hiyo. Mbao za nyumba zetu zimejaa chokaa na mchanga kwenye mianya, na mchanga hula makali kuliko mti wenyewe. Piteni kwa brashi ya waya kwanza. Kisha tafuteni misumari. Sumaku kubwa ya spika mbovu inafanya kazi nzuri ukiipitisha polepole juu ya uso, ingawa msumari uliozama sana utaupita, na wa shaba hauonyeshi kabisa. Palipo na doa jeusi la mviringo, jua kuna chuma au palikuwa na chuma. Chimba kwa patasi nyembamba uone. Msumari uliofichika ukikutana na msumeno wa mashine unaweza kumtoa mtu jicho. Na rangi ya zamani msiipige msasa mkavu, kwa kuwa rangi za miaka ile huenda zina madini ya risasi, na vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto wanaocheza karibu na karakana. Ubao wa namna hiyo mchane nje, ondoeni uso wote wenye rangi ukiwa kipande kizima, mkitupe kipande hicho, wala msikichome. Sehemu nyeupe ya mti, ile ya nje, kateni kabisa, maana ndiyo bungua anayoipenda.

Tuje kwenye kujenga. Vibao 20 vinatosha kwa snea ya inchi 14. Duara lina digrii 360. Ukigawa kwa 20 unapata 18, na pembe hiyo inagawanywa kwa vibao viwili vinavyokutana, kwa hiyo kila ubavu unakatwa kwa digrii 9. Upana wa uso wa nje uwe milimita 57 hivi, unene 20, urefu 170. Mzinga ukishakamilika utabaki na kimo cha milimita 140 na unene wa 10, lakini anzeni na nyama ya ziada kwa sababu mtapoteza nyingi katika kuuviringisha. Miimo miwili ya mlango inatoa vibao vya ngoma nzima na akiba ya kuchagua.

Hapa ndipo kazi inapowashinda wengi, kwa hiyo niwasihi tusikimbie. Vibao 20 vina mbavu 40. Ukikosea sehemu moja ya kumi ya digrii katika kila ubavu, hakuna jicho litakaloona kosa hilo kwenye kibao kimoja, lakini mkijumlisha mara 40 mnapata digrii nne, na duara lenu halitafunga. Wengine hulazimisha kwa kukaza. Msilazimishe. Gundi itashika leo, na baada ya miezi michache ufa utafunguka palepale mlipolazimisha. Njia ya uungwana ni kujenga nusu mbili. Gundisheni vibao kumi, na vingine kumi, kila nusu peke yake. Zikikauka, lazeni kila nusu kwenye bapa lililonyooka lenye msasa, mzisugue mbavu mpaka nusu zote mbili zilale kabisa bila mwanga kupita chini. Kisha ziunganisheni. Kosa lote la mbavu 40 mtakuwa mmelimaliza kwenye maungio mawili.

Kufunga, hamhitaji kununua jiliwa za bei. Kateni mpira wa tyubu ya baiskeli kuwa mikanda mirefu, zungusheni mzinga mkivuta, tabaka juu ya tabaka. Mpira unakaza pande zote kwa nguvu iliyo sawa, na mafundi wa pwani wameutumia kwa kila kitu kuanzia viti hadi mashua. Gundi nyeupe inayostahimili maji inatosha kwa mninga na mvule. Iacheni usiku mzima.

Sasa mna kitu chenye kona 20 nje na kona 20 ndani. Mashine nyingi za kukereza miguu ya vitanda hazina nafasi ya kuzungusha kitu kipana hivi. Mnachoweza kufanya ni kukata bodi mbili za duara, kuzifunga pande mbili za mzinga, kupitisha fimbo ya chuma katikati, na kuuzungusha taratibu kwa mkono huku ruta, mashine ndogo ya kuchonga mbao, ikitembea juu yake kwenye reli mbili za mbao zilizonyooka. Inakula kidogo kidogo, nusu milimita kwa safari. Asiye na ruta atumie randa kwa nje na kikwaruzo cha chuma kilichokunjwa upinde kwa ndani. Ni kazi ndefu, inawezekana, na mkono unajifunza mengi humo. Pimeni kipenyo katika njia nyingi, si mbili tu. Vaeni barakoa. Nasisitiza hilo kwa sababu ya mvule.

Kisha ukingo. Jambo hili nimelitaja mwanzoni na sasa niliseme taratibu. Tafuteni kioo kinene, kile cha meza ya duka, kiwekeni juu ya meza iliyotulia, gundisheni msasa juu yake. Wekeni mzinga, usugueni kwa mwendo wa duara, mkiugeuza kila mara ili uzito wa mkono usiegemee upande mmoja. Chora kwa penseli kuzunguka ukingo wote kabla ya kuanza. Penseli ikifutika kote kwa pamoja, mmefika. Ondoeni msasa, rudisheni mzinga juu ya kioo kitupu, zimeni taa, wekeni tochi ya simu ndani, fungeni juu kwa ubao. Mwanga ukitoka popote, hapo kuna bonde. Rudieni. Baada ya hapo ndipo mnakata mteremko wa digrii 45 kwa ndani, kilele cha ukingo kikikaa karibu na uso wa nje, na kuulainisha kidogo ili ngozi ipande bila kukatika.

Ukingo wa chini una kazi moja zaidi. Pale nyuzi zinapovuka, pande mbili zinazotazamana, lazima pawe na mbonyeo: upana wa sentimita 8 hadi 10, kina chake milimita moja, moja na nusu, ukianza na kuisha taratibu kiasi kwamba kidole hakioni ulipoanzia. Mbonyeo huo unaziwezesha nyuzi kulala juu ya ngozi badala ya kuning'inia. Usipokuwepo, ngoma inakuwa na mlio wa bati hata mkifanya nini. Ukizidi kina, ngozi inakunjamana. Tumieni tupa ya nusu duara, halafu msasa uliozungushiwa kijiti, na mjaribu kwa ngozi halisi kabla ya kutosheka.

Tundu la hewa la milimita 10 au 12 ubavuni, mafuta au shelaki nyembamba ndani na nje kwa usawa, na mzinga umekwisha. Upande wa ndani msiusahau. Ukipaka nje tu, unyevu utaingilia ndani na mzinga utavutika upande mmoja. Matundu ya lagi kumi yapimwe kwa digrii 36, na yapimwe tena kabla ya kutoboa.

Kwa wale watakaotaka kuwamba ngozi ya mbuzi kama walivyokuwa wakiwamba wazee wetu, nawaunga mkono, mradi mjue kwamba masika itailegeza na kaskazi itaikaza. Ngozi za plastiki zilienea duniani kuanzia miaka ya 1950, na kubwa lililozieneza ni hilo la hali ya hewa. Ngoma za zamani za jeshi huko Ulaya zilikazwa kwa kamba na masikio ya ngozi, bila lagi hata moja. Snea ya namna hiyo tunaweza kuitengeneza Unguja kuanzia mwanzo hadi mwisho: mti wetu, kamba yetu, ngozi ya mbuzi wetu. Ningefurahi sana kuiona moja ikitangulia msafara wa bwana harusi.

Lakini kwa ngoma ya skrubu bado tuna upungufu, nao ni wa chuma. Ringi mbili za juu na chini zinazobana ngozi, kwa kawaida ni bati la chuma la milimita 1.6 au 2.3 lililokunjwa, lazima ziwe duara kweli na zilale kama kioo. Lagi ziwe na meno yanayokubali skrubu za ngoma, ambazo ni meno 24 kwa inchi na hazipatani na boliti za kawaida za milimita tunazouziwa madukani. Mafundi wetu wa chuma wanakunja mageti na kuchonga vipuri vya mashua, na sioni sababu ya kazi hii kuwashinda. Nimekuja na ringi moja ya mfano, skrubu kumi na lagi moja, viko kwenye meza ile pale, na vipimo vyake nimeviandika kwenye karatasi. Fundi wa kuchomelea au wa kukereza chuma aliyepo hapa leo, nakuomba tuonane kabla ya adhana ya magharibi. Vipimo vichukue, na ringi uende nayo karakanani kwako.